Moore na Konokono wa Tanganyika: Dhana Iliyoanguka

Buterere, kaskazini mwa Bujumbura, hujulikana leo kwa mabwawa ya kusafishia majitaka ya jiji. Ziwa lililo jirani yake liliwahi kuzua ubishi mkubwa miongoni mwa wanazuoni wa London, na chanzo chake kilikuwa konokono.

Speke alikusanya makombe ziwani mwaka 1858. Woodward akayaeleza mwaka uliofuata. Mwaka 1880 Edgar Smith aliipa spishi moja yenye miiba jina Typhobia horei, kwa heshima ya Edward Hore, mmisionari wa Ujiji. Wapiga makasia na wavuvi hawakupewa nafasi katika majina hayo. Makombe yenyewe yalishangaza: yalifanana na ya baharini. Kisha mwaka 1883 Richard Böhm akaona konyeza katika maji hayo yasiyo na chumvi.

J. E. S. Moore alifika mara mbili, 1895–1896 na 1899–1900, na safari ya pili ilimpeleka kaskazini hadi Kivu na Ruwenzori. Waliomtangulia walitazama zaidi makombe. Yeye alipasua miili ya konokono na kuchunguza viungo vyao. Mwaka 1898 alieleza Bathanalia howesi, mkazi wa vilindini. Katika kitabu chake cha mwaka 1903, The Tanganyika Problem, alidai kwamba viumbe hao ni masalia ya bahari ya enzi ya Jurasiki iliyowahi kufika hapo.

Dhana hiyo haikudumu. Cunnington, aliyelichunguza ziwa mwaka 1904–1905, aliona kwamba kutengwa kwa muda mrefu kulitosha kueleza upekee huo. Leo umri wa ziwa hukadiriwa kuwa miaka milioni 9 hadi 12, ilhali Jurasiki ilikwisha yapata miaka milioni 145 iliyopita. Hata hivyo, kumbeza Moore si haki: alikosea chanzo, hakukosea upekee.

Upekee huo ndio unaoirudisha hoja Buterere. Konokono wengi wa ziwa hili hawapatikani kwingineko duniani, na tope linalofunika miamba huwanyima makao. Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba wa kulihifadhi ziwa mwaka 2003. Lakini maji hutoka kwa mto mmoja tu, Lukuga. Mengi zaidi huondoka kwa mvuke, na mvuke hauchukui uchafu.