Habari za Siti binti Saad, Mwimbaji wa Unguja

(Somo hili lilisomwa katika redio. Limepigwa chapa ili lisomwe darasani polepole. Kila mwanafunzi asome sehemu moja kwa sauti, kisha darasa lote lizungumze.)

Nawasalimu nyote mlio katika madarasa ya watu wazima, na hasa ninyi wa Chanika, katika mji wa Handeni, pamoja na ndugu zenu wa Korogwe. Wekeni vitabu vyenu mezani, mkae vizuri, tuanze.

Leo nataka kuwaelezeni habari za mwanamke mmoja aliyekuwa mfinyanzi wa vyungu. Utotoni mwake hakupelekwa chuoni wala skuli. Wazee wake walikuwa watu wa asili ya utumwa. Lakini alipokufa, sauti yake ilikuwa imekwisha kusikiwa Unguja, Tanga, Mombasa, Dar es Salaam na mbali zaidi. Jina lake ni Siti binti Saad.

1. MFINYANZI WA FUMBA

Siti alizaliwa kiasi cha mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kusini ya mji wa Unguja. Baba yake, Saad, asili yake ni Mnyamwezi. Mama yake asili yake ni Mzigua. Wakati ule bado kulikuwa na utumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, wakati wa Sultani Barghash. Lakini kufunga soko si kufungua watu. Waliokuwa watumwa majumbani na mashambani waliendelea kuwa watumwa. Sheria ya kuwapa uhuru ilitolewa mwaka 1897, na hata hiyo ilimtaka mtumwa aende mwenyewe barazani kuudai uhuru wake.

Basi mtoto alipozaliwa alipewa jina la Mtumwa. Lifikirini jina hilo. Kila aliyemwita alimkumbusha hali ya wazee wake. Hilo jina la Siti, ambalo maana yake ni bibi mwenye heshima, alilipata ukubwani, baada ya watu kuijua kazi yake.

Baba yake alikuwa mkulima, na mama yake alikuwa mfinyanzi. Binti akajifunza kazi ya mama yake. Ninyi wa Uzigua hamna haja ya kuelezwa kazi hiyo, maana wengi wenu mmemwona mama au bibi akiifanya. Udongo huchimbwa, hupondwa, hutiwa maji, hukandwa. Chungu hufinyangwa kwa mkono, hukaushwa kivulini, kisha huchomwa. Kikipasuka motoni, kazi ya siku nyingi imepotea.

Vyungu vilipokuwa tayari, Mtumwa alivibeba kichwani akaenda navyo mjini kwa miguu, mwendo wa saa kadhaa. Akifika mitaani alitangaza bidhaa yake kwa sauti kubwa. Watu walisema sauti yake ilisikika kabla yeye mwenyewe hajaonekana. Hakuna aliyejua siku zile kwamba sauti ile ndiyo mali yenyewe, kuliko vyungu.

2. KUHAMIA MJINI

Mwaka 1911 aliondoka Fumba akahamia mjini. Alikuwa mtu mzima wa kiasi cha miaka thelathini. Wengi wakati ule wangalisema, "Mtu wa umri huo atajifunza nini tena?"

Mjini kulikuwa na muziki uitwao tarabu. Sultani Barghash, aliyetawala toka 1870 mpaka 1888, aliupenda sana muziki wa Misri. Alimpeleka kijana mmoja, Mohamed Ibrahim, mpaka Cairo akajifunze. Baadaye, mwaka 1905, waungwana wa mjini waliunda chama chao cha tarabu kiitwacho Ikhwani Safaa. Vyombo vyao vilikuwa udi, fidla, kanuni na ngoma ndogo. Nyimbo zao zilikuwa za Kiarabu, na wapigaji wote walikuwa wanaume. Muziki ule ulikuwa wa jumba la Sultani na wa nyumba za matajiri.

Mtu mmoja wa chama hicho, jina lake Ali Muhsin, aliisikia sauti ya mwanamke huyu wa Fumba. Akaanza kumfundisha namna ya kuimba, namna ya kufuata vyombo, na matamko ya Kiarabu. Siti hakuwa na daftari wala kalamu. Darasa lake lilikuwa sikio, na daftari lake lilikuwa kichwa. Alilosikia alilirudia mpaka likakaa.

Baadaye akawa na wenzake wa kupiga na kuimba pamoja. Hao ni Subeti Ambar, Buda Swedi, Mbaruk Talsam na Maalim Shaaban. Waliimba katika nyumba za wakubwa, hata mbele ya Sultani. Lakini waliimba pia Ng'ambo, upande wa mji waliokaa watu wa kazi: wachukuzi, wavuvi, wapagazi na akina mama wauzao vitu vidogo vidogo. Na huko waliimba kwa Kiswahili. Tarabu ikatoka katika jumba ikaingia barazani.

3. MATUSI NA JIBU LAKE

Mtu akipanda, wapo wasiopenda. Watu waliomwonea Siti wivu walimtungia wimbo wa kumsimanga. Walisema hakuwa mtu wa maana, na kwamba alikuja mjini amevaa kaniki. Kaniki ni nguo nyeusi ya bei rahisi. Siku za utumwa ndiyo iliyokuwa nguo ya watumwa na maskini. Utumwa ulipokwisha, wanawake wengi waliitupa wakavaa kanga za rangi, ili isijulikane nani alikuwa nani. Kwa hiyo kumtaja mtu kaniki yake ilikuwa kumwambia, "Tunaijua asili yako." Tena wakasema kwamba hakuwa na uzuri wa sura.

Siti alifanya nini? Hakwenda kugombana mlangoni mwa mtu. Alijibu kwa wimbo. Katika wimbo huo alisema kwamba uzuri wa uso na nasaba siyo hoja, bali mtu hupimwa kwa akili na tabia yake. Watu walioimba wale wa kwanza wamesahauliwa majina. Jibu la Siti linajulikana mpaka leo.

Nyimbo zake hazikuwa za mapenzi tu. Nyingine zilikuwa kama gazeti kwa watu wasioweza kusoma gazeti. Upo wimbo wa mtu mwenye cheo aliyekula fedha za wanyonge, akafungwa. Upo mwingine, uitwao Kijiti, juu ya mwanamke mgeni aliyeuawa kwa ukatili, na mwuaji akakimbilia bara. Wimbo ule unasikitika, tena unauliza haki ilikwenda wapi. Siku hizo watu wa chini hawakuwa na pa kusemea. Wimbo ukawa mahali pao pa kusemea.

4. SAFARI YA BOMBAY

Sasa twende mwaka 1928. Wakati huo palikuwa na chombo kiitwacho santuri au gramafoni. Unazungusha mkono wake, unaweka sahani nyeusi juu yake, unashusha sindano, na sauti inatoka. Watu wa pwani waliokuwa na santuri walisikiliza nyimbo za Misri, za Bara Hindi na za Ulaya. Nyimbo za Kiswahili zilikuwa bado hazipo sokoni.

Mwaka huo kampuni moja ya santuri, ile yenye alama ya mbwa anayesikiliza sauti ya bwana wake, ilimwita Siti pamoja na wenzake. Wakapanda meli wakavuka bahari mpaka Bombay, mji wa Bara Hindi ambao leo unaitwa Mumbai. Huko sauti zao zikatiwa katika sahani. Wakawa miongoni mwa waimbaji wa kwanza kabisa wa Afrika ya Mashariki kufanya hivyo.

Kazi hiyo haikuwa nyepesi. Upande mmoja wa sahani ulichukua kiasi cha dakika tatu tu. Wimbo ambao barazani ungeweza kwenda nusu saa ilipasa ukatwe. Tena ukikosea neno, huwezi kufuta. Sahani hiyo imeharibika, na lazima muanze upya. Siti, aliyezoea kuyashika maneno yote kichwani, aliiweza kazi hiyo.

Sahani zikaletwa Unguja na bara, zikanunuliwa kwa makumi ya maelfu katika miaka michache. Asiyekuwa na santuri alikwenda kusikiliza mkahawani au kwa jirani. Hivyo mtu wa Tanga au wa Mombasa ambaye hajapata kumwona Siti aliijua sauti yake. Na watu wa kila kabila walisikia Kiswahili kikiimbwa kwa ufundi, wakaona kwamba lugha yao inaweza kukaa ndani ya sahani kama Kiarabu na Kiingereza.

5. MWENZAKE WA MAREKANI

Msidhani mambo haya yalikuwa ya Unguja peke yake. Huko Marekani, mwaka huo huo wa 1880, alizaliwa mwanamke Mweusi aitwaye Aida Overton, ambaye baadaye aliolewa na George Walker. Kazi yake ilikuwa kucheza, kuimba na kuigiza jukwaani. Utumwa wa Marekani ulikuwa umekwisha mwaka 1865, lakini dharau ilikuwa bado. Katika majumba ya michezo Wazungu walijipaka masizi usoni, wakamwiga Mweusi kama mpumbavu, na watazamaji wakacheka.

Aida na wenzake walitaka kuonyesha kwamba Mweusi ni fundi, si kichekesho. Mwaka 1903 walicheza New York mchezo uitwao In Dahomey, uliotungwa na kuchezwa na Weusi. Mwaka huo huo wakaupeleka London, na wakaucheza katika jumba la mfalme wa Uingereza. Mwaka 1909 mume wake aliugua, hakuweza kucheza. Aida akavaa suti ya mumewe, akaishika sehemu yake mbele ya watu, na mchezo ukaendelea. Alikufa mwaka 1914, umri wake miaka 34 tu.

Wanawake hawa wawili hawakuonana wala kusikiana. Lakini wote wawili walisimama mbele ya watu waliojua asili yao na kuidharau, nao wakajibu kwa kazi iliyofanywa vizuri.

6. MWISHO WA MAISHA YAKE

Siti binti Saad alikufa tarehe 8 Julai 1950. Kabla ya kufa kwake alizungumza na Shaaban Robert, mwandishi mkubwa wa Kiswahili, ambaye alikuwa mtu wa mkoa wenu wa Tanga, mzaliwa wa Vibambani mwaka 1909. Shaaban Robert akaandika wasifu wake, yaani habari za maisha yake. Wasifu huo ulitolewa mwaka 1958, na vijana wengi wameusoma mashuleni.

Hapo, ndugu zangu, ndipo pa kutua kidogo. Siti alikuwa na sauti na kumbukumbu kuu. Lakini kichwa cha mtu, hata kiwe na akili namna gani, huzikwa pamoja naye. Kama pasingalikuwa na sahani za Bombay, na kama pasingalikuwa na mtu mwenye kalamu aliyekaa naye kumwuliza, leo tungalikuwa na jina tu, na baada ya miaka kidogo hata jina tusingalikuwa nalo. Jiulizeni katika Uzigua ni mafundi wangapi, waganga wangapi, watambaji wangapi wa hadithi, wamekwenda zao na yote waliyoyajua kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuandika.

Wengine walimfuata Siti. Fatuma binti Baraka, aliyejulikana kwa jina la Bi Kidude, alijifunza kwa kumsikiliza yeye, akaimba mpaka uzee mkubwa. Alikufa mwaka 2013. Na chama cha wanawake waandishi wa habari wa Tanzania, TAMWA, kilichoundwa mwaka 1987, kililiita jarida lake Sauti ya Siti.

Basi mwenye kusema, "Mimi nimekwisha kuwa mzee, kalamu itanizidi," na amkumbuke mwanamke aliyeweka chini vyungu vyake akaanza kujifunza alipokuwa na miaka thelathini.

MANENO YA KUJIFUNZA

Kaniki: nguo nyeusi iliyovaliwa zamani na watumwa na maskini.
Santuri: chombo cha kutoa sauti kutoka katika sahani.
Nasaba: ukoo au asili ya mtu.
Kusimanga: kumtajia mtu upungufu wake ili aone haya.
Wasifu: maandishi juu ya maisha ya mtu.

MASWALI

1. Jina la kwanza la Siti lilikuwa nani, na maana yake nini?
2. Kwa nini kutaja kaniki kulikuwa tusi kubwa?
3. Kwa nini nyimbo zilikatwa zikawa fupi kule Bombay?
4. Ni nani aliyeandika wasifu wa Siti, na ulitolewa mwaka gani?
5. Zungumzeni darasani: je, jibu la Siti kwa waliomsimanga lilikuwa jema, au alipaswa kunyamaza?

KAZI YA NYUMBANI

Mwendee mzee mmoja wa mtaa wako, mwanamume au mwanamke. Mwulize alijifunza kazi yake kwa nani. Andika majibu yake kwa sentensi tano, kisha zilete darasani.

Ndugu zangu, somo la leo limekwisha. Kaeni salama, na kwa herini.