Cheti cha Askari na Ushahidi wa Wazee

Mtu aandikwapo jeshini haulizwi sana yeye ni nani. Yatosha awe na afya na miguu ya kutembea. Lakini arudipo kudai haki yake, au afapo na mjane wake akaidai kwa niaba yake, ofisi huuliza kwa ukali: huyu ni nani hasa, na ni nini kinachoonyesha kwamba si mwingine aliyejitwalia jina lake? Swali hili limewapata askari wastaafu wa nchi nyingi. Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, lina uzito wa pekee. Wakuria na jirani zao wamelitumikia jeshi kwa wingi tangu enzi ya Keya, yaani K.A.R., hata Jeshi la Wananchi lililoundwa mwaka 1964; na namna yao ya kutambuana haikupata kuingia vema katika madaftari ya serikali.

Yafaa kuanza na majina. Miongoni mwa Wakuria majina kama Mwita, Chacha na Marwa hurudiwa kizazi baada ya kizazi, na mtoto akitajwa hufuatishwa jina la baba yake. Kwa hiyo haikuwa ajabu kuwapata Marwa Mwita kadha wa kadha katika nchi moja, na Mwita Marwa jirani yao. Karani asiyejua Kikuria aliandika kama alivyosikia, na pengine aligeuza la baba likawa la mwana. Wenyeji wenyewe hawakuchanganyikiwa. Walimjua mtu kwa ikiaro yake, yaani jamii yenye nchi yake, kama vile Bukira, Nyabasi au Bwirege; na walimjua kwa esaro yake, yaani kundi la waliotahiriwa pamoja. Aliyetaja esaro alikuwa ametaja umri wake na mashahidi wake kwa neno moja. Mwizi wa jina angeweza kuliiba jina, lakini asingeweza kuwaiba watu wa kumshuhudia.

Ushahidi huo, hata hivyo, ulikuwa na udhaifu mmoja: haukufika mbali. Mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886 na 1890 yalikata nchi ya Wakuria vipande viwili, na ndugu wa ikiaro moja wakawa raia wa serikali mbili. Upande wa Kenya ilitungwa sheria ya kuandikisha wanaume Waafrika mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya vita. Kila mmoja alipewa kipande chenye jina na alama za vidole, akakivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Upande wa Tanganyika neno hilo hilo lilikuwa na maana nyingine: kadi ya kazi ya siku 30 za kibarua. Kipande cha Kenya hakikukusudiwa kumlinda aliyekivaa. Kilikusudiwa kumkamata akitoroka kwa mwajiri wake. Harry Thuku na wenzake walikipinga mwaka 1921. Chuki ya watu kwa karatasi za serikali, basi, haikutoka katika ujinga. Ilitoka katika kujua karatasi hizo zilimtumikia nani.

Upungufu wa maandishi nao ulikuwa na madhara yake. Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliwachukua wapagazi kwa mamia ya maelfu. Wengi walikufa, na mishahara yao haikudaiwa, kwa sababu warithi hawakupatikana kwa majina yaliyoandikwa. Oscar Watkins, aliyekuwa mkuu wa jeshi hilo la wapagazi, alishikilia kwamba fedha hizo ni deni kwa Waafrika. Hazina ya Uingereza haikukubali. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 inawasifu waliokufa, lakini haina jina la hata mmoja wao. Mwezi wa Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Asiye na jina daftarini hana mrithi. Na asiye na mrithi, mali yake hubaki kwa aliyeishika.

Kwa upande wa waliowatumikia Wajerumani, kuna habari inayohusu Mwanza, uliokuwa makao makuu ya Jimbo la Ziwa ambalo Tarime ilikuwa sehemu yake zamani za ukoloni. Charles Miller, katika kitabu chake cha mwaka 1974, asimulia kwamba mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kuwalipa askari wa Lettow-Vorbeck waliokuwa hai. Wazee wapatao 350 walikusanyika. Wachache tu walikuwa na vyeti walivyopewa mwaka 1918. Wengine walileta vipande vya nguo za kijeshi. Ndipo mjumbe wa benki alipompa kila mmoja ufagio, akaamrisha gwaride la bunduki kwa Kijerumani. Hakuna hata mmoja aliyeshindwa. Masimulizi hayo yanaonyesha jambo moja: mwili wa askari unaweza kukumbuka kile ambacho karatasi imepoteza. Lakini dawa hiyo haimfai mjane. Yeye hakufundishwa gwaride.

Vita Kuu ya Pili vilileta mambo yale yale kwa ukubwa zaidi. Watu wapatao 87,000 waliandikwa kutoka Tanganyika, wakapigana Uhabeshi, Bukini na Bama. David Musuguri wa Butiama, aliyeingia Keya mwaka 1942 na kufa mwaka 2024 akiwa jenerali mstaafu, hakuhitaji cheti ili ajulikane. Askari wa kawaida alirudi na cheti cha kuachwa jeshini, akakiweka katika nyumba ya nyasi penye mchwa na moto. Mwaka 2018 Uingereza ilipotangaza msaada wa takriban pauni milioni 12 kwa wazee waliolitumikia jeshi lake katika nchi za Jumuiya ya Madola, ilikuwa imepita miaka zaidi ya 70. Kisha vikaja vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, na kizazi kingine cha wastaafu na wajane.

Sheria ya kuwatambua watu nchini Tanzania ilitungwa mwaka 1986. Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa iliundwa 2008, na kadi za kwanza zikatolewa 2013. Hapana shaka kwamba kadi yenye namba moja na alama za vidole humzuia tapeli kuliko cheti chochote cha zamani. Lakini kadi hulinda tu kile kilichoandikwa siku ya kwanza. Ikiwa daftari la jeshi lasema Mwita Chacha na kadi yasema Chacha Mwita, mlango uliotengenezwa kumzuia mwizi humfungia mwenye nyumba. Hapo ndipo barua ya serikali ya kijiji, kiapo cha jina na neno la wazee vinapohitajika tena.

Kwa hiyo kazi iliyobaki Tarime na Serengeti si ya mashine peke yake. Kwa kila mstaafu na kila mjane yafaa yaandikwe pamoja: jina la jeshini, jina la nyumbani, ikiaro, esaro, na majina ya waliotahiriwa naye ambao bado wa hai. Mashahidi hao ni wazee, na kila mwaka hupungua. Akifa wa mwisho wa esaro, anayeweza kusema kwa hakika kwamba Marwa Mwita huyu siye yule atakuwa amekwenda naye, na hakuna kadi itakayoweza kumuuliza.