Asili ya Safari za Vijana wa Kujitolea

Mwezi wa Machi mwaka 1958, gazeti la Sunday Times la London lilichapisha barua ya Launcelot Fleming, Askofu wa Portsmouth, iliyowahusu vijana waliohitimu skuli ambao, kwa kuwa kuandikishwa jeshini kwa lazima kulikuwa kumekaribia ukomo wake, walikuwa na muda mtupu mbele yao kabla ya kuingia chuo kikuu. Fikra ya kuwatuma vijana hao kujitolea ng'ambo ilikuwa ya Alec Dickson na mkewe Mora, waasisi wa shirika la Voluntary Service Overseas. Na kabla mwaka haujamalizika, vijana wa miaka 18 walikwisha safiri hadi Sarawak na Ghana, kwa posho haba, kuwatumikia watu ambao hata lugha yao hawakuijua.

Mimi namstahi Dickson hasa kwa itikadi yake kwamba khidima humwelimisha yule aitoaye, na kwamba ujana wenyewe ni stahili ya kutosha. Lakini nchi zilizokuwa zikipata uhuru zilihitaji walimu wenye shahada, wala hazilaumiki kwa hilo. Basi shirika likaanza kuwaelekea wahitimu wa vyuo, naye Dickson, mwaka 1962, akaanzisha Community Service Volunteers, ili kijana wa Uingereza awahudumie wahitaji wa nchi yake mwenyewe.