NG'OMBE WA MAHARI NA UGONJWA USIO NA HARAKA

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Leo nataka tulichukue neno hilo tulipeleke zizini, kwa sababu yapo maradhi ambayo hata mfugaji mwenyewe hajui kwamba anayaficha. Nazungumzia kifua kikuu cha ng'ombe, na sheria ambazo watu wa vijijini hujiwekea wenyewe ili kulinda mifugo yao.

Twende kwanza Nyanungu, katika nchi ya Wakurya, wilayani Tarime, mkoa wa Mara. Mpaka wa Kenya uko karibu, na mbuga za Serengeti nazo haziko mbali. Mkurya ni mkulima hodari wa mahindi, mtama, ulezi na mihogo, lakini akihesabu mali huhesabu ng'ombe. Ng'ombe ni maziwa, ni ada ya shule, ni akiba ya siku ya njaa, na juu ya yote ni mahari. Kijana akioa, ng'ombe wa baba yake huhamia katika zizi la mkwe, na mkwe naye huweza kuwatumia hao hao kumwoza mwanawe wa kiume. Wengine huwekwa kwa ndugu au rafiki wa mbali, ili balaa likipiga zizi moja lisimalize mali yote. Na wengine, tusifichane, huondoka usiku bila mwenyewe kujua.

Nimezieleza safari hizo kwa makusudi. Njia wanayopita ng'ombe ndiyo njia yanayopita maradhi.

Historia ya nchi zetu inalijua jambo hilo vizuri. Mwishoni mwa miaka ya 1880 sotoka iliingia katika pembe ya Afrika, na ilipofika mwaka 1891 ilikuwa imekwisha kuteketeza mifugo ya Wamasai na majirani zao. Katika sehemu nyingi walikufa ng'ombe tisa katika kila kumi. Ikafuata njaa, ikafuata ndui, na watu waliokuwa matajiri wakawa ombaomba. Wajerumani walipoanzisha maabara ya mifugo Mpwapwa mwaka 1905, sotoka ilikuwa miongoni mwa adui zao wakubwa. Tangu hapo mfugaji wa Tanganyika amezoea maneno mawili ya serikali: karantini na chanjo.

Maneno hayo mawili yalifanya kazi kubwa. Ng'ombe waliozunguka Serengeti walipochanjwa, sotoka ilitoweka hata kwa wanyama wa porini. Nyumbu, ambao mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuwa kiasi cha robo milioni, walizidi milioni moja kabla ya miaka ya 1970 kwisha. Mwaka 2011 dunia nzima ikatangaza kwamba sotoka imekwisha. Na pale tulipolegea tuliona matokeo yake. Homa ya mapafu ya ng'ombe, ambayo tulikuwa tumeifuta nchini mwaka 1964, ilirudi mwaka 1990 kupitia Loliondo, wilayani Ngorongoro, pamoja na ng'ombe waliovuka kutoka Kenya. Ikaenea mikoa mingi.

Lakini serikali haikuwa peke yake katika kutunga sheria. Wakurya wana iritongo, yaani mkutano wa hadhara ambako jambo la jamii husemwa mbele ya wote. Wana pia inchama, baraza la wazee linalotunza siri na mila za ukoo. Wizi wa ng'ombe ulipozidi, na sungusungu walipoenea nchini katika miaka ya 1980 kutoka Usukuma na Unyamwezi, vyombo hivyo vya jadi na vile vipya vilikutana. Mwizi alitajwa hadharani, akatakiwa kukiri na kulipa. Aliyekaidi alitengwa na wenzake, na kutengwa kijijini ni adhabu inayouma kuliko faini. Aidha, sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 iliipa serikali ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, mradi halmashauri ya wilaya iziridhie. Kwa hiyo Nyanungu na vijiji vinavyofanana nayo havikosi njia ya kutunga sheria wala ya kuzisimamia.

Sasa ndipo ninapotaka tutulie kidogo. Sheria hizo zote, za mzungu na za wazee, zilizoea adui anayeonekana. Mwizi huacha nyayo. Sotoka humwangusha ng'ombe kwa siku chache, na kila mpita njia akaona mizoga. Kifua kikuu hakifanyi hivyo. Ng'ombe anaweza kukaa nacho miaka, anazaa, anakamuliwa, amenenepa, na mwenyewe akamsifu kwa majirani. Kumbe kila usiku, katika zizi lililobanana, anawapumulia wenzake, na iwapo ugonjwa umefika kwenye kiwele, ndama wake wanaunyonya pamoja na maziwa. Atakapoanza kukonda na kukohoa, amekwisha kuwaambukiza wengi.

Hata wataalamu wakubwa walimkosea adui huyu. Robert Koch, Mjerumani aliyetangaza mwaka 1882 kwamba amemwona kijidudu cha kifua kikuu, alisimama London mwaka 1901 akasema kwamba kifua kikuu cha ng'ombe si hatari ya kuogopesha kwa binadamu. Waingereza waliunda tume, ikachunguza kwa miaka 10, na mwaka 1911 ikathibitisha kinyume chake: maziwa ya ng'ombe mgonjwa yanaua watu, hasa watoto. Katika miaka ya 1930 ilikadiriwa kwamba zaidi ya Waingereza 2,000 walikufa kila mwaka kwa ugonjwa uliotoka kwa ng'ombe.

Wenzetu walifanyaje? Huko Denmark, mwanzoni mwa miaka ya 1890, daktari wa mifugo Bernhard Bang alitumia sindano ya kupima inayodungwa ng'ombe ili kuona kama mwili wake umeshakutana na ugonjwa. Hakuamuru ng'ombe wote walioonekana wameambukizwa wachinjwe. Alijua kwamba mfugaji hatakubali kuwa maskini kwa siku moja. Aliwatenga wazima na wagonjwa, akachukua ndama wa wagonjwa mara baada ya kuzaliwa, akawanywesha maziwa yaliyochemshwa. Kundi safi likakua kidogo kidogo pembeni ya kundi bovu. Uingereza nayo ilianza mwaka 1935 kwa kumwongezea bei ya maziwa mfugaji ambaye kundi lake limepimwa na kuonekana safi. Kulazimisha kulikuja baadaye, mwaka 1950, tena pamoja na fidia. Mwaka 1960 makundi yote ya nchi yalikuwa yamepimwa na kusafishwa. Hata hivyo hawajamaliza kazi, kwani ugonjwa umejificha kwa mnyama wa porini aitwaye melesi, na hadi leo unawarudia.

Naam, na kwetu? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wamemkuta kijidudu cha kifua kikuu cha ng'ombe katika mifugo ya Tanzania. Wamemkuta kwa wagonjwa binadamu, hususan katika matezi ya shingo, mikoa ya kusini na ya kaskazini. Mwaka 2005 ilichapishwa habari kwamba yumo pia katika nyumbu na nyamera wa Serengeti. Sisemi kwamba zizi la fulani wa Nyanungu lina ugonjwa. Hilo hujulikana kwa kipimo tu. Nasema kwamba mahali ambapo mahari, wizi, mpaka na wanyama wa porini vinakutana, kukaa bila sheria ni kucheza na moto.

Tena huyu kijidudu wa ng'ombe ana ujeuri wake. Moja ya dawa nne ambazo mgonjwa wa kifua kikuu huanza nazo hospitalini haimuwezi kabisa, tangu kuumbwa kwake. Ng'ombe wenyewe hawatibiwi, kwa sababu dawa ni za miezi mingi na kuzitumia zizini kungewafundisha vijidudu ukaidi. Basi kinga ndiyo iliyobaki.

Kwa upande wa binadamu, nchi yetu iliwahi kuufundisha ulimwengu. Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, palianza kutunza wagonjwa wa kifua kikuu mwaka 1926. Mwaka 1977 ulianzishwa mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, na Dakta Karel Styblo akaonyesha hapa Tanzania kwamba ugonjwa huu unashindwa kwa daftari na uvumilivu: kila mgonjwa aandikwe, ameze dawa mbele ya shahidi, afuatwe hadi apone. Utaratibu huo baadaye ulienea duniani. Nauliza: kama tuliweza kumwandika na kumfuata mtu, tunashindwa nini kumwandika na kumfuata ng'ombe?

Daftari hilo ndilo ningependa kuliona katika sheria ndogo za kijiji. Ng'ombe anayeingia, awe wa mahari, wa mnadani au wa kuwekeshwa, aandikwe ametoka zizi gani. Apimwe na bwana mifugo, na akae pembeni mpaka majibu yasomwe siku ya 3. Machinjioni, mkaguzi akiona vivimbe katika mapafu, habari zisiishie kwenye shimo la kutupia nyama. Zirudi mpaka zizi alikotoka mnyama yule. Mazizi yapate hewa, na watu wasilale chumba kimoja na ndama. Maziwa yachemshwe, hata yale ya kugandisha, kwa maana uchachu peke yake si kinga ya kutegemewa.

Lakini liko swali moja ambalo bwana mifugo hawezi kulijibu. Ng'ombe wa mahari akipimwa akaonekana ameambukizwa, hasara ni ya nani? Ya baba wa bwana harusi aliyemtoa, au ya mkwe aliyempokea? Je, arudishwe? Akirudishwa, ndoa inasimama? Hilo ni swali la iritongo na la wazee. Wasipolijibu kabla ya sindano kufika, kila mzee mwenye binti wa kuoza na kila kijana mwenye mchumba atakuwa na sababu ya kukimbia kipimo. Sheria inayomfilisi mtu kwa kusema kweli humfundisha kuficha. Ndiyo maana Bang hakuanza na kisu, na ndiyo maana Waingereza walianza na bei nzuri.

Huenda wewe unayenisikiliza Musoma, Mwanza au Dar es Salaam unasema hayo ni ya wafugaji. La hasha! Maziwa hupanda baiskeli na basi yakaja mjini, na mtindi unaouziwa mtaani hauna muhuri wa zizi ulikotoka. Kama tunataka mfugaji apime, lazima nasi wa mjini tuulize maziwa yametoka wapi, tukatae nyama isiyokaguliwa, na tukubali kulipa zaidi kidogo kwa maziwa ya mtu aliyejisumbua. Halmashauri zinazokusanya ushuru wa minada nazo zina deni: sehemu ya ushuru huo irudi zizini kama kipimo na kama fidia.

Tuliona katika miaka ya 1980 na 1990 majosho mengi yakikauka baada ya ruzuku kupungua, kwa kuwa watu waliyaona ni mali ya serikali. Sheria ya kifua kikuu ikiletwa kijijini kwa amri tu, nayo itakauka vivyo hivyo. Iketi kwanza na wazee chini ya mti, waihoji, waigeuze, waiite yao. Ugonjwa huu hauna haraka, na kwa hiyo muda wa kikao hicho tunao. Kinachotakiwa ni kukiitisha.