Kikebe cha Guka

Nilikipata ndani ya sanduku la kushonea la shosho: kikebe cha bati, bapa, kinaenea kiganjani, na juu kina kipete cha kupitishia kamba. Ndani mlikuwa na sindano tatu na vifungo vya shati. Nikadhani ni mkebe wa ugoro. Shosho akacheka.

"Hiyo ni mbugi ya guka yako," akasema.

Mbugi ni kengele ya mbuzi. Ndilo jina Wakikuyu walilokipa kipande, kwa sababu mwanamume alikivaa shingoni kama mnyama wa kundi la mtu mwingine. Guka alikivaa akiwa kibarua kwenye shamba la kahawa Kiambu. Na mimi, wiki iliyotangulia, karao alikuwa amenisimamisha mtaani saa tatu usiku: "Kijana, leta kipande." Nilimpa bila hata kulisikia lile neno. Sasa nililisikia.

Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, lakini Vita vya Kwanza vya Dunia vikaichelewesha. Vilipoisha, ikaanza kutekelezwa. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kubeba karatasi yenye jina lake, kabila lake na alama za vidole. Mwajiri naye aliandika humo mshahara, siku kibarua alipoanza kazi na siku alipoiacha.

Mtego ulikuwa kwenye hiyo siku ya kuacha. Mwajiri asiposaini, hupati kazi kwingine. Ukitoroka, wewe si mtu aliyechoka na kazi mbaya, wewe ni mhalifu, na alama za vidole vyako ziko kwenye faili Nairobi. Walowezi walikuwa na mashamba makubwa na walitaka vibarua wa bei ya chini wasioweza kuhama. Kwa hivyo kipande hakikuuliza wewe ni nani. Kiliuliza wewe ni wa nani.

Watu hawakunyamaza. Harry Thuku, aliyekuwa karani wa simu serikalini, alikusanya vijana wa Nairobi kupinga kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulijaa nje ya kituo cha polisi, karibu na hoteli ya Norfolk, pale barabara inayoitwa leo kwa jina lake inapopita. Wanaume walipoanza kusitasita, Mary Muthoni Nyanjiru aliinua nguo yake na kuwadhihaki: wampe yeye suruali zao. Polisi wakafyatua risasi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa. Serikali ilihesabu maiti 21. Wengine walisema walikuwa wengi zaidi.

Jambo ambalo haliniachi ni hili: Nyanjiru hakuwa na kipande. Sheria haikuwagusa wanawake. Alikufa kwa ajili ya kengele iliyokuwa kwenye shingo za wengine.

Mwaka 1947 ikaja sheria mpya ya kusajili watu wa rangi zote. Hapo Wazungu wengi wakapiga kelele: kuchukuliwa alama za vidole ni kudhalilishwa. Kumbe walijua.

Uhuru ulikuja, kikebe kikaishia kwenye masanduku ya kushonea, karatasi ikawa kadi. Wanawake waliingizwa kwenye usajili mwaka 1978. Shosho anasema alipopata yake alijiona raia. Kitu kilekile kilichomfanya guka mali ya mtu kilimfanya yeye mtu.

Leo bila kadi hiyo husajili laini ya simu, hufungui akaunti, hupigi kura. Mimi nilipofika miaka 18 niliipata kwa kupanga foleni tu. Rafiki yangu Mnubi wa Kibra aliitwa mbele ya kamati, akaulizwa makaratasi ya babu yake. Wanubi waliletwa na Waingereza kama askari, wakapewa makao Kibra mwanzoni mwa karne iliyopita. Mwaka 2015 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu iliamua kwamba Kenya iliwabagua. Guka angefurahi kukitupa kipande chake. Rafiki yangu alikililia chake. Maswali waliyoulizwa hayatofautiani sana: umetoka wapi, nani anakujua, nani atasaini?

Nilimuuliza shosho mbona hakukitupa kikebe.

"Bati zuri hivi? Na halishiki kutu."

Akarudisha sindano ndani, akafunga. Giza lilikuwa limeingia. Nikamuaga, na kabla sijafungua lango nikapapasa mfuko wa nyuma kuhakikisha kipande kipo.