Nani Alimlinda Mwanafunzi Mpya wa Mlimani?

Mwaka mpya wa masomo unapoanza katika vyuo vikuu vya Tanzania, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hupokewa na mawaidha yasiyobadilika. Usitembee peke yako usiku. Usimwamini kila anayejidai mwenyeji. Funga mlango hata ukienda bafuni, na bumu, yaani posho yako ya mkopo, likiingia usilimalize kwa wiki mbili. Hakuna la kubisha hapo. Mzazi yeyote angesema hivyo hivyo. Tatizo ni kwamba mawaidha haya yanachukulia usalama wa mwanafunzi kuwa ni suala la tabia yake tu, na akidhurika basi kuna onyo alilipuuza. Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wengi tunakiita Mlimani, haiungi mkono dhana hiyo. Kwa zaidi ya miaka sitini, kilichoamua kama mgeni pale atakuwa salama ni mahali alipolala, namna alivyopata chakula, na kama kulikuwa na mtu mwenye mamlaka aliyekuwa tayari kusikiliza malalamiko yake. Ujanja wake mwenyewe ulikuja baada ya hayo, tena kwa mbali.

Chuo kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London chenye kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi 14. Mmoja wao alikuwa mwanamke, Julie Manning, aliyekuja kuwa Waziri wa Sheria. Mwaka 1964 chuo kikahamia kilimani, upande wa Ubungo, na huko yakajengwa mabweni yanayofahamika mpaka leo kwa namba zake. Mwanafunzi wa miaka hiyo alipewa kitanda, meza ya kusomea na chakula cha kafeteria, vyote kwa fedha za umma. Hakuwa na kodi ya kulipa wala sufuria ya kubeba. Akirudi kutoka maktaba usiku alitembea ndani ya eneo la chuo, chini ya taa za chuo, hadi bweni lenye msimamizi anayemjua kwa jina. Ulikuwa utaratibu wa watu wachache sana, uliogharimiwa na wakulima ambao watoto wao wengi wasingefika pale, na sioni sababu ya kuupamba. Hata hivyo unaonyesha jambo moja waziwazi: hatari nyingi tunazowaonya watoto wetu leo hazikuwepo, na wanafunzi wale hawakuwa werevu kuliko wa sasa. Kulikuwa na mtu aliyekuwa amekwisha kuziondoa njiani.

Ulinzi huo ulikuwa na masharti. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akapandwa na hasira, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kisha akawafukuza wote 393. Wengi walirudishwa mwaka uliofuata, lakini funzo lilibaki kwamba anayekupa kitanda na sahani anaweza kuvichukua jioni moja. Mwaka 1978 yalikuja maandamano mengine ya kupinga nyongeza ya maslahi ya viongozi, watu wakafukuzwa tena, na chama cha wanafunzi, DUSO, kikazikwa na mahali pake pakawekwa MUWATA, chombo kilichokuwa chini ya uangalizi wa chama tawala. Mwanafunzi alilindwa dhidi ya njaa na mwizi. Dhidi ya mlinzi wake hakuwa na kinga, na hili litatusaidia kuelewa yaliyotokea baadaye, kwa sababu chuo kilichozoea kuwatazama wanafunzi kama tishio la kisiasa kilichelewa kuona kwamba mwanafunzi anaweza kutishwa na mwanafunzi mwenzake.

Katikati ya matukio hayo mawili lilipita Azimio la Musoma la Novemba 1974, ambalo historia za siasa hulitaja zaidi kwa elimu ya msingi kwa wote. Kwa vyuo vikuu lilikuwa na sharti kubwa: mtu asiingie moja kwa moja kutoka kidato cha sita, bali kwanza apitie jeshi, afanye kazi kwa muda, apate pendekezo la mwajiri na chama. Mara Mlimani ikajaa watu wazima, wengi wakiwa na familia na mishahara waliyoiacha ofisini. Idadi ya wanawake ikaporomoka, na baada ya muda mfupi serikali ikawaondolea sharti hilo ili waweze kuingia wakitoka shule. Nia ilikuwa njema na hatua ilikuwa sahihi. Lakini hebu tazama hali iliyozaliwa nayo: binti wa miaka ishirini au zaidi kidogo, aliyetoka shule ya bweni ya wasichana, anaingia mahali ambapo wanaume ni wengi mara kadhaa kuliko wanawake, na wengi wao wamemzidi umri, fedha na uzoefu wa mji. Hakuna mawaidha ya kufunga mlango yanayoweza kusawazisha mizani hiyo.

Hapo ndipo desturi iliyoitwa Punch, au Mzee Punch kwa waliomwogopa, ilipopata meno. Ilikuwa maandishi na michoro iliyobandikwa ukutani usiku bila jina la mwandishi. Watetezi wake walisema ilikuwa sauti ya wanafunzi dhidi ya wakubwa, dhihaka ya wasio na gazeti, na yawezekana kuna wakati ilikuwa hivyo kweli. Lakini kwa miaka mingi walengwa wake wakuu walikuwa wanafunzi wa kike, hasa waliomkataa mwanamume fulani au waliojibu kwa ujasiri. Aliyebandikwa alitengwa, aliyeonekana akizungumza naye alijua kwamba zamu inayofuata inaweza kuwa yake. Adhabu ya namna hii haikuhitaji kipigo. Ilihitaji watu wengi wakae kimya, na kimya kilipatikana kwa wingi, kwa wanafunzi na kwa baadhi ya walimu walioiona kuwa utani wa vijana. Februari 1990 mwanafunzi mmoja wa kike aliyekuwa ameandamwa na kunyanyaswa kwa namna hiyo alijitoa uhai. Alikuwa ndani ya chuo, ndani ya bweni, miongoni mwa wenzake, yaani mahali ambapo mawaidha yetu yote humwelekeza mgeni akimbilie.

Kilichofuata ndicho kinachonishawishi zaidi kwamba usalama hutengenezwa na utaratibu. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichoundwa mwaka 1987 na kilichokuwa na jarida lake la Sauti ya Siti, kililichukua suala hilo na kulitoa nje ya uzio wa chuo. Jambo lililoitwa utani likaanza kuitwa unyanyasaji hadharani, magazetini na redioni, na Punch ikapigwa marufuku. Harakati za wanawake zilizopata nguvu katika miaka hiyo zilifika mbali zaidi ya Mlimani: mwaka 1998 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, na mwaka 2007 Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ikaweka kifungu cha 25, kinachomtia hatiani mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe huduma au upendeleo, mhadhiri anayeuza alama akiwemo. Sheria hazikumaliza tatizo. Novemba 2018, Rais alipofika Mlimani kuzindua maktaba mpya, mhadhiri mmoja wa kike aliandika mtandaoni kwamba rushwa ya ngono bado ipo chuoni, na baadaye TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, yenyewe ilifanya utafiti kuhusu jambo hilo katika vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma. Lakini tofauti ya 1989 na leo ni kubwa: mwanafunzi wa 1989 hakuwa na kifungu cha kukitaja wala ofisi ambayo kazi yake ni kusikiliza. Wa leo anavyo, akiambiwa.

Huku sheria zikiongezeka, kitanda kilikuwa kinaondoka. Uchumi ulioyumba tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 na mageuzi yaliyofuata vilileta sera ya kuchangia gharama mwanzoni mwa miaka ya 1990. Chakula cha bure kikaisha, kafeteria zikawa biashara za watu, na Bodi ya Mikopo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 ikachukua nafasi ya serikali iliyolipa kila kitu. Wakati huo huo wanafunzi wakaongezeka: waliokuwa takriban 3,000 mwanzoni mwa miaka ya 1990 walivuka 10,000 miaka kumi na tano baadaye, na vitanda havikuongezeka kwa kasi hiyo. Wanafunzi walijitafutia dawa, kubebana, ambapo mwenye kitanda humchukua rafiki aliyekosa wakalala wawili, au zaidi, katika nafasi ya mmoja. Ukarimu huo umewawezesha maelfu kusoma na unastahili heshima. Lakini anayebebwa hayumo kwenye orodha ya bweni. Akiibiwa kompyuta hana pa kulalamika bila kumponza mwenyeji wake, akinyanyaswa na huyo mwenyeji hana pa kwenda kulala, na bweni likiungua hakuna anayejua kwamba alikuwa ndani.

Waliokosa hata wa kuwabeba wakaenda mitaani. Hosteli za Mabibo za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilipunguza msongamano, lakini ziko kilomita kadhaa kutoka madarasani, kwa hiyo barabara ikawa sehemu ya maisha ya chuo kwa namna ambayo mwanafunzi wa 1970 asingeielewa. Wengine walipanga Msewe, Changanyikeni, Makongo, Sinza, wakitanguliza kodi ya miezi kadhaa kwa dalali wasiyemjua. Mwaka 2017 yalifunguliwa mabweni ya Magufuli, majengo 20 ya wanafunzi 3,840, na mjadala uliozuka juu ya ubora wake usitusahaulishe kwamba yalijengwa kwa sababu serikali ilikiri kuwa geto, yaani chumba cha kupanga mtaani, si bweni. Posho nayo ilipandishwa mwaka wa masomo 2022/23 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, kwa chakula na malazi. Anayeishi mbali na chuo na kukata nauli humo humo anaijua hesabu hiyo inavyokataa kutimia, na ndiyo hesabu inayomfanya achague chumba chenye mlango dhaifu, au njia ya mkato yenye giza, au mfadhili mwenye masharti. Ukimwonya asifanye hivyo bila kugusa hesabu yenyewe, umempa sauti ya kujilaumu na si kinga.

Kuna wanaosema kwamba mwanafunzi wa chuo kikuu ni mtu mzima, na kumlea ni kumdumaza. Hoja hii ina uzito, hasa kwa anayekumbuka 1966 na 1978, pale malezi yalipogeuka kuwa amri. Mimi pia sitaki msimamizi wa bweni anayepekua vyumba kutafuta nani kalala na nani. Lakini fundi wa kiwandani ni mtu mzima pia, na hakuna anayesema kwamba kufunika mkanda wa mashine yake ni kumfanya mtoto. Wengine husema nchi haina fedha za kurudi enzi za kafeteria ya bure. Ni kweli, na hakuna haja ya kurudi huko. Sehemu kubwa ya ninayoyazungumzia si ghali: orodha ya nyumba za kupanga zilizokaguliwa karibu na chuo, basi la mwisho linaloondoka baada ya maktaba kufungwa na si kabla, ruhusa ya kuandikisha anayebebwa bila kumwadhibu aliyembeba. Madawati ya jinsia yaliyoanzishwa vyuoni miaka ya karibuni tayari yapo. Yanachohitaji ni watu wasioripoti kwa wale wanaolalamikiwa.

Na wapo watakaouliza kwa nini tumchoshe mgeni na mambo ya 1990 wakati yeye anatafuta darasa lilipo. Kwa sababu hatari iliyomkuta mtangulizi wake haikutoka getini. Ilitoka ndani, ikavaa sura ya desturi na utani, na kila aliyenyamaza aliamini anajilinda. Leo utani wa aina hiyo hauhitaji ukuta, unahitaji kundi la WhatsApp la darasa, ambamo mgeni huingizwa siku ya kwanza hata kabla ya kupata kitambulisho. Kwa hiyo vyuo vitumie wiki ya utambulisho kumweleza habari ya Punch ilivyokuwa na ilivyokomeshwa, kumsomea kifungu cha 25 kwa Kiswahili chepesi, kumwonyesha mlango wa dawati la jinsia na kumtajia saa unapokuwa wazi. Nafasi ya hilo katika ratiba ipo. Hotuba za ukaribisho zikifupishwa kwa saa moja, hakuna atakayepungukiwa na kitu.