Gauni la Malkia, Fundi wa Barazani: Shela Lilivyopanda Ufipa

Lile shela jeupe lenye mkia mrefu, linaloburuzwa ukumbini Sumbawanga kila msimu wa harusi, lina historia. Na historia yenyewe haianzii Sumbawanga. Inaanzia London, tarehe 10 Februari 1840.

Siku hiyo Malkia Victoria alifunga ndoa na Prince Albert akiwa ndani ya gauni jeupe. Kabla ya hapo maharusi wengi wa Ulaya walivaa rangi yoyote ile, mradi nguo iwe nzuri. Matajiri wakamuiga Malkia, na wasio nacho wakafuata. Kisichosemwa sana ni hiki: lesi ya gauni lile ilitengenezwa kwa mikono na wanawake wa Devon. Mashine zilikuwa zinawamaliza, Malkia akataka wapate kazi.

Sasa njoo Ufipa, karne hiyohiyo. Huku nako kulikuwa na wafalme, Mwene wa Nkansi na Mwene wa Lyangalile. Na nguo ilikuwepo! Pamba ililimwa, ikasokotwa, ikafumwa hukohuko. Livingstone alipita mwaka 1872, Joseph Thomson akapita 1880, na wote wakaandika habari za ufumaji. Halafu misafara ikaleta merikani, kitambaa cha kiwandani kutoka Marekani, kikifuatiwa na nguo za Uingereza na India. Mdogo mdogo vitanda vya kufumia vikanyamaza. Wafumaji wa Ufipa hawakupata malkia wa kuwabeba.

Mwaka 1885 wamisionari Wakatoliki, wale White Fathers, walishika Karema kando ya Ziwa Tanganyika, kisha wakapanda uwandani. Ndoa ikahamia kanisani, na gauni jeupe likaja nayo. Uchifu ukafutwa kisheria mwaka 1963. Basi harusi ya kifalme ikabaki kuwa habari ya ng'ambo.

Na habari kubwa kuliko zote ilikuja tarehe 29 Julai 1981. Diana aliolewa na Charles akiwa na gauni la hariri lililoshonwa na David na Elizabeth Emanuel: mikono ya puto, mkia wa zaidi ya mita 7. London kwenyewe maduka yalikuwa na kopi ndani ya saa chache. Ila Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka 1994. Gauni lile lilifika kwa redio, kwa picha ya gazeti, kwa gazeti la kizungu lililoachwa na mgeni. Tena miaka yenyewe ilikuwa ya foleni, kitambaa kilikuwa cha kutafuta kama sukari.

Hapo ndipo fundi cherehani anapoingia. Hana patani ya London, anakata patani kwa magazeti ya zamani. Hariri hakuna, satini inatosha. Lesi ya pazia inageuka shela la kichwani. Puto la mkono linasimamishwa kwa bitana ngumu. Shanga zinashonwa moja moja usiku, mguu uko kwenye pedeli, taa ni ya chemli. Asubuhi binti wa mkulima wa mahindi anatoka kama binti mfalme, na hakuna wa kumuuliza hariri iko wapi.

Mitumba ilipofunguliwa miaka ya 80, mashela ya ng'ambo yakaingia, lakini fundi hakufa. Yalikuwa makubwa, yakapunguzwa. Yalichanika, yakafumuliwa na kushonwa upya. Mwaka 2011 Kate alivaa mikono mirefu ya lesi, na kwa baridi ya Sumbawanga mwezi wa saba, mtindo huo ulikuwa kama umebuniwa kwa ajili ya Wafipa. Mwaka 2018 Meghan akavaa gauni lisilo na mbwembwe. Safari hii picha ilifika kwa fundi kwa WhatsApp, na ujumbe mmoja tu: "Nataka hivi."

Kinachouma ni hiki. Dunia nzima inajua nani alishona gauni la Diana. Huku picha za harusi zinapandishwa mtandaoni, aliyepaka make-up anatagiwa, MC anatagiwa, mpaka aliyeoka keki. Fundi hatajwi. Wakati mwingine hata hela yake inasubiri mahindi yauzwe.

Ufipa ilishapoteza wafumaji wake bila kuandika jina hata moja. Kama picha ya harusi ya mama au bibi yako bado iko ukutani, muulize leo, kabla hajasahau: hili gauni alishona nani?